Ile ya Pinki Imeisha

Boksi lilikuwa vilevile tulivyoliacha. Utepe wa kahawia tulioubandika miezi minne nyuma ulikuwa bado umekaa upande, kwa kuwa siku ile mwenyekiti wetu aliufunga huku akichungulia barabarani asije akaachwa na daladala. Vumbi lililokuwa juu yake lilitosha mtu kuandika jina lake. Mwalimu wa kemia aliliteremsha kutoka juu ya kabati la stoo, akalipangusa kwa kiganja, kisha akaniambia kwa upole ulionichoma kuliko kama angenifokea: "Mzigo wenu upo salama, madamu. Hakijapotea hata kitu kimoja."

Nilikuwa mhazina wa klabu ya wanafunzi wa kemia, mwaka wa pili, katika chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam. Kila kilichokuwemo ndani ya boksi lile nilikijua kwa bei yake. Mabomba ya sindano 20, bila sindano zenyewe. Siki. Rozela iliyokaushwa. Misumari, mrututu kidogo kwenye kichupa chenye lebo, karatasi za kupimia asidi, chupa moja ya kiashiria, dawa inayobadili rangi kuonesha asidi imekwisha. Na barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiingereza kilichonyooshwa kama sare ya gwaride, ikimweleza mwalimu namna ya kutumia kila kitu. Barua nayo haikuwa imefunguliwa. Ningekuwa mimi nisingeifungua pia.

Wanaozijua klabu za vyuoni wanajua zinavyoanza. Wiki ya kwanza ya mwaka wa masomo kila klabu inaweka meza yake chini ya mwembe, na wewe mgeni unaandika jina kila unapopewa kalamu. Klabu yetu ilikuwa na majina 64. Tulipotangaza mchango wa shilingi 5,000, tena tukangoja kwanza boom, ile fedha ya mkopo, litoke ili mtu asiseme hana, walilipa 23. Tulipotangaza kwamba Jumamosi tunaondoka saa kumi na mbili asubuhi kwenda shuleni, walifika tisa. Hao tisa ndio waliokuwa klabu. Wale wengine siwalaumu. Wapo waliokuwa na sapu, mitihani ya kurudia, za kutosha kuwanyima usingizi, na mmoja alinambia waziwazi kwamba alijiandikisha kwa sababu alidhani kuna chai.

Nami nisijifanye mtakatifu. Nilitaka kitu cha kuandika kwenye wasifu wangu wa kuombea kazi. Mwenyekiti wetu alikuwa na ndoto kubwa zaidi. Alikuwa amesoma kwenye intaneti kuhusu Marekani, ambako Chama cha Kemia cha nchi hiyo kina matawi ya wanafunzi tangu 1937, na kila mwaka matawi hayo huandika ripoti ya kazi zao, yaliyofanya vizuri yakatunukiwa. Alizisoma ripoti hizo kama wengine wanavyosoma matokeo ya ligi. Kilichomvutia zaidi ni idadi ya watoto waliofikiwa. Tawi hili limefikia watoto 800, lile 1,200. Akatuambia mwaka huu nasi lazima tufikie 1,000.

Neno hilo "kufikia" lilituharibu, ingawa ilinichukua muda kuliona. Ukishaamua kwamba kazi yako ni kufikia, shule uliyokwishafika haina faida tena. Unatafuta nyingine.

Bajeti yetu ya kwanza iligombaniwa kwenye kimbweta kimoja, meza ya nje ya kusomea, jioni nzima. Mimi nilitaka miwani ya kukinga macho. Wenzangu walitaka fulana, za bluu, zenye jedwali la elementi mgongoni. Fulana zilishinda kwa kura sita dhidi ya tatu. Bado ninayo ya kwangu, naivaa nikifua.

Shule tuliyoichagua ni ya kata, ng'ambo ya Pugu ukielekea Kisarawe, kwenye vilima vile ambavyo udongo wake mweupe, kaolini, unaonekana hata ukiwa ndani ya gari. Historia yake ni historia ya shule nyingi za aina yake. Ilijengwa kwenye wimbi la katikati ya miaka ya 2000, wakati kila kata ilipotakiwa kuwa na sekondari. Mwaka 2014 likaja wimbi la pili, la maabara: kila shule iwe na tatu, ya fizikia, ya kemia na ya baiolojia, na wananchi wachangie. Mama yangu alichangia mara mbili kwa sababu mjumbe hakuitambua risiti ya kwanza. Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, watoto wakajaa, na kwa kuwa jengo zuri kuliko yote lilikuwa la maabara, kidato cha kwanza wakahamishiwa humo. Tulikuta masinki yamegeuzwa rafu za madaftari. Mabomba ya gesi yalikuwepo, yamepangwa vizuri mezani, na hayajawahi kunusa gesi tangu yazaliwe. Mtoto anasoma kwenye daftari namna ya kuwasha jiko la Bunsen huku amekiegemeza kiwiko kwenye bomba lake.

Siku ile ya kwanza tulifanya maonyesho, maana hilo ndilo tulilokuwa tumelijua. Tulimimina peroksidi ya hidrojeni kwenye chupa yenye sabuni ya maji na rangi ya chakula, tukatia hamira iliyovurugwa kwa maji ya uvuguvugu, na povu likachomoka kama nyoka mnene. Watoto walipiga ukelele uliowatoa walimu ofisini. Tukachemsha rozela, tukaitia ndimu ikawaka nyekundu, tukaitia magadi ikageuka kijani cha ajabu. Ukelele tena. Mwenyekiti alikuwa amesimama mlangoni anahesabu vichwa. 212.

Kisha akauliza, kwa Kiingereza, kama kuna mwenye swali. Juu ya mlango wa jengo lile palikuwa na kibao kinachowakumbusha wanafunzi kwamba Kiswahili hakiruhusiwi eneo hilo, kwa hiyo kimya kilikuwa cha kutabirika. Mwishowe binti mmoja wa nyuma alisimama, akajaribu kulipanga swali lake kwa Kiingereza, likamkatikia njiani, akaamua liwalo na liwe: "Asidi ndiyo tindikali? Ile ya kumwagia watu?"

Darasa likacheka. Sisi tulijua kwamba swali hilo ni zito. Kwa miaka mingi neno tindikali limesikika redioni karibu kila mara likiandamana na uso wa mtu ulioharibiwa. Na sisi dakika tano nyuma tulikuwa tumewaambia kwamba ndani ya ndimu kuna asidi. Mtoto alikuwa ameunganisha vitu viwili ambavyo hakuna aliyemuunganishia, akaona kuna kasoro, akauliza. Mwenyekiti wetu akamjibu kwa maelezo ya protoni na mpokea protoni, kama yalivyo kwenye desa letu la kusomea la mwaka wa kwanza. Binti akashukuru, akakaa. Mimi nilikuwa nakunja nyaya za spika.

Tukapiga picha. Tukakabidhi boksi. Tukaondoka.

Tulirudi baada ya miezi minne, na sababu ya kurudi ni aibu kuisema: fomu ya kuombea fedha za mwaka uliofuata ilihitaji muhuri wa shule. Hakuna aliyetaka kwenda. Nilipewa mimi na kijana mmoja wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa mhazina ndiye anayetaka hela.

Baada ya kuoneshwa boksi lenye vumbi tulipelekwa kwa mkuu wa shule, mama mtu mzima mwenye miwani ya kamba. Muhuri aligonga bila neno. Ndipo akavua miwani na kutusimulia habari ya mvulana wa kidato cha pili.

Mvulana yule alirudi nyumbani siku ya maonyesho akitaka kuwaonesha wadogo zake lile povu. Peroksidi hana. Akafikiri: ile ilikuwa majimaji yasiyo na rangi, ya kwenye chupa nyeupe, na walisema inaweza kung'arisha nguo. Nyumbani kuna kitu cha namna hiyo, jiki. Akamimina, akatia sabuni na hamira ya bibi yake. Povu halikuja. Akaongeza alichokiona kikali kuliko vyote nyumbani, dawa ya kusafishia choo. Alikuwa bafuni, mlango umefungwa ili wadogo zake wasione kabla hajafaulu.

Anayesoma hapa na ana watoto nyumbani, alishike hili: jiki ni hipokloriti ya sodiamu, dawa nyingi za choo ni asidi, na vikikutana hutoa gesi ya klorini. Ndiyo gesi ileile ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia mitungi kule Ypres, Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikawafuata watu kwenye mahandaki kwa sababu ni nzito kuliko hewa. Bafu dogo la uani halihitaji nyingi. Bibi alimsikia akikohoa kikohozi ambacho si cha mafua, akausukuma mlango kwa bega, akamburuta nje. Zahanati, kisha hospitali, siku mbili. Alipona.

"Sikuwaita kuwalaumu, wanangu," mama yule alisema. "Nawaambieni tu. Katika watoto wote wale, huyo ndiye peke yake aliyejaribu kitu."

Sentensi hiyo ya mwisho imekaa nami kuliko nyingi nilizofundishwa ukumbini. Kwa sababu ukiitazama kazi ya yule mvulana, haikuwa ya kijinga. Alikosa malighafi, akatafuta mbadala kwa kulinganisha sifa, akabadilisha kitu kimoja, akaona haifanyi kazi, akabadilisha kingine. Nami nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya kemia na ndivyo nilivyokuwa nikifundishwa kufanya. Ila mimi nilikuwa na Mzee wa stoo ya kemia pale chuoni wa kunikatalia.

Ndani ya daladala la kurudi Gongo la Mboto kijana wa mwaka wa kwanza hakusema kitu mpaka tunashuka. Kwenye mkutano wa klabu ikawa vurugu. Wapo waliosema tuache kabisa kwenda mashuleni. Wapo waliosema tuongeze tu onyo mwishoni: msijaribu nyumbani. Mimi nililipinga onyo hilo, na bado nalipinga. Unamwendea mtoto, unamwambia sayansi ni ya kujaribu, unamuonesha kitu kinachomtoa roho kwa uzuri, kisha unamwambia asijaribu. Atakuamini lipi?

Katika kutafuta hoja za kugombana nikakuta kwamba hata hao tuliokuwa tunawaiga walikuwa wamekwishaungua. Kule Marekani lilikuwepo onyesho maarufu la ndimi za moto za rangi: unamwaga methanoli juu ya chumvi mbalimbali, unawasha, kila chumvi inatoa rangi yake. Zuri sana. Mvuke wa methanoli ukiukimbilia moto, unarudi na moto huo hadi kwenye chupa iliyo mkononi mwa mwalimu. Wanafunzi wameungua vibaya, na mwaka 2014 Chama chao cha Kemia kikatoa tahadhari kikiwataka walimu waache kutumia methanoli kwenye onyesho hilo. Niliwasomea wenzangu. Mwenyekiti akasema, "Kwa hiyo tufanye nini, tuwaoneshe maji?" Alisema kwa kejeli, lakini halikuwa wazo baya.

Nilienda kwa Mzee. Alikuwa fundi sanifu wa maabara ya idara, karibu kustaafu, na funguo zake alizifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu. Nilimwamkia, nikamwomba tena peroksidi, nikidhani tutafanya onyesho lilelile ila kwa uangalifu zaidi. Akaninyima. Akanikalisha kwenye stuli.

"Hebu nieleze titresheni," akasema. "Kwa Kiswahili. Mimi ni bibi yake yule mtoto."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaanza: unakuwa na asidi, unatia besi, kile kinachoiua asidi, kidogokidogo mpaka rangi ibadilike.

"Kwa nini ibadilike?"

Nikasema kwa sababu imefika mwisho.

"Mwisho wa nini?"

Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nimefanya titresheni tangu kidato cha tatu. Nilikuwa na A. Mkono wangu ulijua kufunga bureti, lile bomba refu la kioo la kupimia, kwa tone moja. Lakini maneno yote niliyokuwa nayo yalikuwa ya Kiingereza na yalikuwa yamekaa kichwani yakiwa yamefungwa kwa utepe, kama boksi letu.

Mzee akanipa muda, kisha akasema: "Chukulia ni deni. Asidi iliyomo kwenye glasi ndiyo deni, hujui ni kiasi gani. Besi iliyomo kwenye bomba ni fedha, hiyo unaijua thamani yake. Unalipa kidogokidogo. Kiashiria ni shahidi, amekaa kimya muda wote. Siku deni linapokwisha na ukazidisha hata senti moja, shahidi anasimama. Ukihesabu ulicholipa, umejua deni lilikuwa kiasi gani." Akanyanyuka kwenda kufungua kabati. Shahada nzima, na hakuna aliyewahi kunipa shahidi.

Wiki hiyo nilikaa maktaba na Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ile ya TUKI, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ya mwaka 1990. Inasaidia, ingawa mengi ndani yake ni maneno ya Kiingereza yaliyovishwa kanzu. Kilichonishangaza ni maneno ambayo hayakuhitaji kamusi. Bibi yangu mzaa mama, Tanga, hajasoma kemia hata siku moja, na anaujua mrututu, ambao sisi tunauita salfeti ya shaba. Anaijua shabu, ambayo mafundi wa kunyoa wanapaka kidevuni na watu wanaizungusha kwenye maji ya mtoni ili matope yashuke. Ni chumvi ya aluminiamu. Anaijua shura, zebaki, kiberiti, chokaa. Anajua kwamba majivu na magadi yanalainisha kunde, na kwamba magadi yakizidi ladha inageuka sabuni, maana yake ulimi wake unapima besi. Watu wa pwani wameuziana vitu hivi kwa vipimo sokoni karne nyingi. Halafu mtoto wao anaingia kidato cha kwanza anaambiwa kemia ni kitu kigeni kinachoanza leo, ukurasa wa kwanza.

Mzee alinifundisha pia kufanya vitu vidogo. Alikuwa na sahani ya plastiki yenye visima, kila kisima kinameza matone tu, ya aina iliyotengenezwa na watu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, na ambayo UNESCO ilisaidia kuisambaza katika nchi nyingi. Hoja yake ni rahisi: jaribio la matone linagharimu matone, na likiharibika, limeharibika kwa kiwango cha matone. Bureti moja ya kioo bei yake inanunua mabomba ya sindano ya darasa zima. Bomba la mililita 10 halina usahihi wa bureti, bila shaka. Lakini bureti iliyo Dar es Salaam haina usahihi wowote kwa mtoto aliye Kisarawe.

Tulirudi mara ya tatu tukiwa watano. Bila fulana. Fedha za fulana za mwaka huo zilinunua miwani ya macho, na sitaeleza hapa zile kura zilipatikanaje. Mwenyekiti hakuja, alikuwa ameandikia mkoa mwingine, kufikia.

Mwalimu wa kemia alitukubalia tukae na wanafunzi 40 tu, kutwa nzima, na kwanza akapanda juu ya kiti akakifunika kile kibao cha mlangoni kwa kitambaa cha kufutia ubao. Hakusema kitu, nasi hatukuuliza.

Tulianza na swali la binti wa nyuma, maana alikuwepo. Ndiyo, tindikali ni asidi. Ya kwenye betri ya gari ni asidi, na ya kwenye ndimu ni asidi, na tumboni mwako hivi sasa ipo. Wakajishika matumbo. Tofauti iko kwenye ni asidi gani, na iko kiasi gani ndani ya maji. Kwa hiyo swali la maana si "ni asidi?" Swali ni "kiasi gani?" Na hilo halijibiwi kwa macho.

Tukawapa siki. Chupa ya dukani, lebo inasema asilimia 5. Je, ni kweli? Tuliizimua mara kumi, kila kikundi kikachukua mililita 5, wakatia matone mawili ya finofthalini, kiashiria chetu cha pinki, wakavaa miwani, na kuanza kulipa deni kwa besi, hidroksidi ya sodiamu ya nguvu inayojulikana, 0.1 M. Wote walikuwa wameshasoma hesabu hiyo daftarini. Lebo ikiwa kweli, jibu linatakiwa kuangukia karibu na mililita 4.2.

Nilikuwa nimesahau kimya cha namna ile. Watoto 40, na unasikia pangaboi la ofisi ya jirani. Tone. Pinki inazaliwa, inazunguka, inakufa. Tone jingine. Kikundi cha kwanza 4.1. Cha pili 4.3. Viwili vikapata 4.2 na vikashikana mikono kama vimefunga goli. Kikundi kimoja kikapata 5.8, na glasi yao ilikuwa nyekundu kama juisi ya rozela. Walipopitwa na shahidi hawakumwona, wakaendelea kulipa. Walitaka kuandika 4.2 kama wenzao. Mwalimu akawaambia waandike 5.8, na pembeni waandike kwa nini. Kama ningeulizwa ni dakika gani ya siku ile naithamini, ningeitaja hiyo.

Yule mvulana wa bafuni alikuwepo pia. Alisimama dirishani kutwa nzima, hakugusa kitu. Nilimpa miwani, akavaa, akabaki palepale. Sikumlazimisha.

Baada ya chakula cha mchana binti yetu wa nyuma alirudi na kichupa cha maji ya kunywa chenye siki ndani. Nyumbani kwao ni karibu na shule. Mama yake anatengeneza achari ya maembe na kuiuza kwenye vikombe, na miezi hiyo ilikuwa inaota ukungu kabla ya wiki kuisha. Hasara. Akaomba kujua hiyo nayo ina deni kiasi gani.

Tukaizimua vilevile. Akashika bomba mwenyewe. Ilipofika mililita 1.9 pinki ikaja na haikuondoka. Akaitazama, akaniangalia mimi kana kwamba nimemchezea, akamwaga, akasuuza, akarudia. 1.9. Mara ya tatu, 2.0. Hata nusu ya lebo ya dukani haikufika, na asidi hafifu namna hiyo haiwezi kuuzuia ukungu.

"Ametia maji!" mmoja akapiga kelele, na wote wakajua anayesemwa ni mama yake.

Binti hakukasirika. "Mama ananunua kwa dumu, sokoni," akasema taratibu, bado anatazama glasi. "Hata yeye kauziwa hivyohivyo. Na kila siku analaumu maembe."

Aliniomba bomba na ile chupa aende nazo nyumbani. Nilikaribia kumpa. Nikamkumbuka bibi na ule mlango wa bafu, nikashindwa, na sikupata namna ya kumkatalia isiyofanana na kumdharau. Mwalimu ndiye aliyeniokoa. Alisema boksi litabaki maabara, si stoo, ufunguo atakuwa nao yeye, na Jumamosi asubuhi atakuwepo. Mwenye dumu alete.

Mwezi wa pili baada ya hapo nilikuwa kwenye mtihani wa kemia-fizikia, simu nimeiacha nje kwenye mkoba. Nilipotoka nikakuta yule mwalimu wa kemia ameshanipigia mara tatu. Nikampigia nikidhani kuna mtoto mwingine amelazwa.

"Hapana, madamu, wazima wote," akasema. "Ile ya pinki imeisha."

Nikamuuliza imeishaje, chupa nzima. Akasema wanaleta kila kitu: siki, ukwaju, maji ya kisima, maziwa yaliyolala, juzi mmoja kaleta togwa. Yule mvulana sasa ndiye anayeandika namba kwenye daftari. Nikiwa bado na akili ya fomu na ripoti, nikamuuliza kwa wastani wanakuja wangapi.

"Sijawahesabu," akasema. "Nitumie chupa mbili."